Msongo wa mawazo na VVU: tuanze na kinachokusumbua hasa

Mimi ni mshauri nasaha, na wengi ninaozungumza nao wanaishi na virusi vya UKIMWI. Karibu wote huja wameshaambiwa na mtu: "Usiwaze sana, CD4 zako zitashuka," yaani chembe za kinga ambazo VVU hushambulia. Msemaji ana nia njema, ila anamwachia mwenzake mzigo wa pili. Sasa anahofia ugonjwa, na anahofia hiyo hofu yenyewe.

Ni kweli kwamba msongo wa muda mrefu huvuruga homoni kama kotisoli na kuugusa mfumo wa kinga. Lakini kwa mtu aliye kwenye ARV, yaani dawa za kufubaza virusi, njia ya msongo kumdhuru ninayoiona mara nyingi zaidi ni ya kawaida kabisa: dozi zinarukwa. Mtu halali usiku, anakunywa pombe ili asahau, au anaficha kopo la dawa kwa sababu kuna wageni nyumbani. Dozi zikirukwa, virusi huongezeka na vinaweza kuwa sugu kwa dawa. Kwa hiyo mtu akiniambia ana mawazo, kabla ya yote huuliza dawa zinaendaje.

Mwaka 1984 wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza njia mbili za kukabiliana na msongo: kulishughulikia tatizo lenyewe, au kuzituliza hisia zinazoletwa na tatizo. Mazoezi ya kupumua ni ya kundi la pili. Nayapenda, lakini tunayakimbilia mapema mno, hata pale ambapo tatizo lenyewe linatatulika.

Chukua hofu ya kumwambukiza mwenza. Nimeona watu waliolala vyumba tofauti na wenza wao kwa hofu hiyo tu, huku vipimo vyao vikiwa vizuri kabisa. Utafiti wa PARTNER, ambao matokeo yake yalitoka 2016 na 2019, ulifuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU na virusi vyake vimefubazwa, na wanajamiiana bila kondomu. Hakukuwa na ambukizo hata moja lililotoka kwa mwenza huyo. Shirika la Afya Duniani nalo linasema wazi kwamba mtu anayetumia dawa ipasavyo na ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Mtu wa namna hii anahitaji majibu ya kipimo cha wingi wa virusi na maelezo ya kueleweka, tena mwenza wake akiwepo. Kupumua kutasubiri.

Wakati mwingine chanzo kimo ndani ya kopo. Efavirenz, mojawapo ya ARV, inaweza kuleta ndoto za kutisha, kizunguzungu na huzuni. Dolutegravir, ARV nyingine, huwakosesha baadhi ya watu usingizi, na huenda kuhamishia dozi asubuhi kukatosha. Mweleze mtoa huduma wako, usiache dawa kimyakimya.

Kuna suala la kusema au kutosema, na hapa sina haraka na mtu. Siri hii inachosha, kwa sababu kila siku inadai uongo mdogo: unakwenda wapi, vidonge hivyo ni vya nini. Lakini kumwambia mtu asiye sahihi kunaweza kuleta kipigo, kufukuzwa au masimango, na maneno yakishatoka hayarudi. Ninachoshauri ni mtu mmoja kwanza. Mpime kwa siri ndogo, usikilize anavyowazungumzia wengine wenye VVU, kisha tufanye mazoezi ya maneno ya kwanza kwa sauti. Ukihofia ukatili nyumbani, usiseme mpaka tupange usalama wako. Asiye na mtu wa kumwambia, kikundi cha watu wanaoishi na VVU humfaa kuliko ninavyoweza kumfaa mimi. Pale haelezi kitu, wanajua.

Yapo yasiyobadilika: kwamba dawa ni za maisha, kwamba fulani aliondoka. Hapo sasa tunatuliza mwili. Vuta pumzi puani, itoe polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kwa dakika chache. Au kaza misuli ya miguu, iachie, panda hivyo hivyo hadi usoni. Wengine sala huwafanyia kazi hiyo, wengine kutembea kwa miguu. Sishindani nao, mradi sala isichukue nafasi ya vidonge.

Huzuni ikidumu wiki mbili na zaidi, chakula na usingizi vikapotea, au yakaja mawazo ya kujiua, hiyo inaweza kuwa sonona na inatibika. Mawazo ya kujiua hayasubiri wiki mbili. Tafuta msaada siku hiyo hiyo. Dawa nyingi za sonona hutumika pamoja na ARV daktari akijua unatumia nini. Ila jihadhari na mmea uitwao St John's wort, unaouzwa kama dawa ya asili ya huzuni: hupunguza nguvu ya ARV kadhaa, dolutegravir ikiwemo.