Bastide ni mji wa namna gani?

Ukizunguka kusini-magharibi mwa Ufaransa, kuanzia Toulouse kupanda hadi mto Dordogne, neno bastide utaliona kwenye vibao vya barabarani mara nyingi. Wageni wengi hudhani ni ngome. Sivyo. Neno limetoka katika Kioksitani, lugha ya asili ya kusini mwa Ufaransa, kwenye kitenzi bastir, yaani kujenga. Bastide ni mji uliopimwa na kujengwa kwa mpango mahali ambapo awali hapakuwa na mji, na nyingi zilianzishwa kati ya mwaka 1222 na katikati ya karne ya 14.

Kwanza yalikuwepo makubaliano. Mwenye ardhi, mara nyingi abasia (nyumba kubwa ya watawa) au bwana wa eneo, alishirikiana na mtawala, kisha viwanja vikapimwa na kugawiwa. Aliyehamia alipata pa kujenga na pa kulima, pamoja na hati iliyotaja kodi zake, haki zake na siku ya soko. Kwa mkulima wa zama zile, kuwa na haki zilizoandikwa lilikuwa jambo kubwa. Ndiyo sababu baadhi ya miji hiyo inaitwa Villefranche, mji huru. Mtawala naye alifaidika: watu walikuja, soko likachangamka, ushuru ukaingia. Alphonse de Poitiers, ndugu wa mfalme Louis IX, alianzisha bastide nyingi. Waingereza, waliotawala Aquitaine, eneo la kusini-magharibi mwa Ufaransa, wakati huo, nao hawakubaki nyuma.

Ukiwa na nafasi ya kuona moja tu, nenda Monpazier, iliyoanzishwa mwaka 1284 kwa amri ya Edward I wa Uingereza. Mji mzima ni mstatili wa takriban mita 400 kwa 220, mitaa imenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Nenda Alhamisi asubuhi, siku ya soko. Uwanja wa katikati umezungukwa na nyumba za mawe ya rangi ya asali, na ghorofa zake za juu zimekaa juu ya matao, hivyo chini yake unatembea kivulini ukipita duka baada ya duka. Upande mmoja lipo banda la soko lenye nguzo nene za mbao, na ndani yake bado vimo vipimo vya zamani vya nafaka. Kanisa halipo uwanjani. Limewekwa kando, nyuma ya kona. Katikati ya mji wameachiwa wauzaji na wanunuzi.

Halafu angalia katikati ya nyumba na nyumba. Kuna upenyo mwembamba ambao mtu mzima hapiti bila kujibana. Uliachwa makusudi ili moto usiruke kutoka paa hadi paa, na maji machafu yapate pa kutokea.