"Eneo rasmi" maana yake nini?

Tangazo lenyewe halina ugeni tena Dar es Salaam. Mara linapita na gari la spika, mara analileta mtendaji wa mtaa kwa mdomo wake: wafanyabiashara ndogondogo wote wahamie maeneo rasmi. Muuza viatu aliyepanga chini pale Mbagala Rangi Tatu analisikia, anaingiza mkono mfukoni, anatoa risiti. "Jana nimelipa ushuru, leo mnaniambia hapa si rasmi?"

Swali lake ni la haki kabisa. Jibu lake halimfurahishi mtu: kulipa ushuru hakupafanyi mahali kuwa rasmi. Ugomvi mwingi wa machinga na mgambo unaanzia hapo, kwenye neno ambalo kila mtu analitumia na wachache wameelezwa maana yake.

Eneo rasmi la biashara ni mahali ambapo halmashauri imepatenga ili pauzwe bidhaa, ikapaweka chini ya usimamizi wake na chini ya sheria ndogo zake. Basi. Halihusu uzuri wa jengo. Soko la mabanda ya mabati na mbao linaweza kuwa rasmi, na jengo la ghorofa la mtu binafsi lenye fremu hamsini lisiwe soko la halmashauri hata kidogo. Halihusu umri pia. Watu wanaweza kuuza nyanya kwenye kona moja miaka ishirini, watoto wakasomeshwa kwa nyanya hizo, na kona ikabaki kuwa kona.

Mamlaka hayo halmashauri imeyapata kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, inayozipa halmashauri za miji kazi ya kuanzisha masoko, kuyatunza na kuyasimamia. Dar es Salaam ina halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo mpaka Februari 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala, pamoja na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kwa hiyo Buguruni ni soko la Jiji, Tandika la Temeke, Tandale la Kinondoni, na Mabibo, linakoshuka malori ya ndizi, la Ubungo. Ukihama soko umehama na serikali. Ushuru, ratiba ya usafi na utaratibu wa kugawa meza vinaweza kubadilika kwa sababu tu umevuka mpaka wa manispaa ambao hata dereva wa bodaboda haujui.

Chombo cha kazi ni hicho kinachoitwa sheria ndogo. Udogo uko kwenye jina tu. Faini yake ni ya kweli. Wataalamu wa halmashauri huandaa rasimu, wananchi hutangaziwa ili watoe maoni, baraza la madiwani hupitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha, kisha huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Humo ndimo kinapoandikwa kiwango cha ushuru, saa za kufungua na kufunga, nani anaondoa taka, na adhabu ya anayekaidi. Hatua ya wananchi kutoa maoni ndiyo inayopita kimyakimya kuliko zote. Tangazo hubandikwa ubaoni ofisini, na muuza mchicha saa hizo yuko sokoni anamwagia mchicha maji usinyauke.

Sasa turudi kwenye risiti ya yule wa viatu. Mfanyabiashara wa sokoni anaweza kukutana na malipo ya aina tatu, na kuyachanganya ni rahisi. Kuna ushuru wa soko, unaolipwa kwa siku na anayeuza, awe na meza au amepanga chini; unalipia kuitumia nafasi ile siku ile. Kuna kodi ya kizimba, yaani nafasi ya kuuzia ndani ya soko, au ya fremu ya halmashauri, inayolipwa kwa mwezi na kufuatana na mkataba. Mwenye mkataba huo ndiye mwenye haki ya kusema "hapa pangu", maadamu halipi kwa kuchelewa. Halafu kuna leseni ya biashara, inayotolewa chini ya sheria ya mwaka 1972. Leseni inakuruhusu kufanya biashara fulani. Haikupi mahali pa kuifanyia.

Ushuru wa siku, basi, ni kama nauli ya daladala. Umelipa, umepanda, umefika. Hukununua kiti.

Kinachokera, na hapa nawaunga mkono wauzaji, ni kwamba mkusanyaji haachi kupita kwenye kona ambayo wiki ijayo itaitwa si rasmi. Anakuja na mashine ya POS, anatoa risiti yenye jina la halmashauri, anaondoka. Mkono mmoja unapokea, mwingine unafukuza. Kisheria mikono hiyo haipingani, maana aliyekusanya hakutoa ahadi yoyote. Lakini mtu aliyepewa karatasi yenye nembo ya serikali kila asubuhi atakosaje kuamini kwamba serikali inamtambua alipo?

Mkanganyiko huo uliwahi kupewa hata kadi. Desemba 2018 Rais Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na akaagiza wenye navyo wasisumbuliwe. Kitambulisho kilimfanya mtu awe rasmi. Hakikusema lolote kuhusu mahali. Njia za waenda kwa miguu zikajaa, milango ya maduka ikazibwa, na Mtaa wa Kongo pale Kariakoo ukawa wa kupita kwa ubavu. Serikali ya Rais Samia ikaagiza wapangwe upya, na Oktoba 2021 vibanda viliondolewa barabarani jijini kote. Waliokuwa wameshika kadi mkononi walishangaa kwa sababu ile ile ya mwenye risiti.

Barabara inahitaji maelezo yake, maana hapo hata halmashauri mikono yake imefungwa. Hifadhi ya barabara ni ile ardhi ya pembeni iliyoachwa kwa matumizi ya barabara yenyewe: mitaro, mabomba, nguzo, upanuzi wa kesho. Barabara ya Morogoro, ya Kilwa, ya Nyerere na ya Mandela ziko chini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu. Mitaa ya ndani tangu 2017 iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Diwani akiwaambia watu "kaeni hapo pembeni, nitaongea na wenzangu", anagawa ardhi ambayo baraza lake halina. Wamekaa wengi kwa maneno ya namna hiyo, hasa karibu na uchaguzi.

Rasmi, kwa upande mwingine, inaibana halmashauri pia, na hili halitangazwi kwenye spika. Ikishatenga eneo na kukusanya fedha humo, inatarajiwa choo, maji, taa, dampo na gari la taka linalokuja kweli. Afisa afya anapaswa kupita kwa mama lishe kuona maji ya kuoshea vyombo na cheti cha kupimwa afya. Kipindupindu kilipozuka jijini Agosti 2015, kazi hiyo ilionekana uzito wake. Njia za kupita gari la zimamoto nazo ni za kusimamiwa. Mwenye haraka ya kuongeza vizimba huanza kuzibana njia hizo kwanza, na moto ulioteketeza soko la Karume Januari 2022 uliwakumbusha watu vibanda vya mbao vilivyosongamana vina maana gani.

Ndani ya soko usimamizi wa kila siku hauko kwa mkurugenzi. Uko kwa msimamizi au mtendaji wa soko aliyewekwa na halmashauri, na kwa mwenyekiti na kamati waliochaguliwa na wafanyabiashara wenyewe. Kamati hujua nani kalala na deni, nani kafiwa, meza ya nani imekaa tupu. Pia ndiyo inayojua kile kisichoandikwa popote: kizimba kimegawiwa kwa Fulani, Fulani hajawahi kuuza hata kitunguu, kampangisha mwingine kwa bei mara kadhaa ya ile ya halmashauri, na kabla ya hapo kachukua kilemba, ile fedha ya kuachiwa nafasi. Anayeuza kweli analipa kodi mbili na hayumo kwenye daftari. Soko likivunjwa ili lijengwe upya, orodha inayofuatwa ni ya daftari.

Halafu liko jambo ambalo sheria ndogo haiwezi kuliagiza, nalo ni mteja. Machinga Complex, pale karibu na Karume, lilijengwa kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kukamilika mwaka 2010. Ni rasmi kuliko urasmi wenyewe: zege, ngazi, vizimba vyenye namba. Kwa miaka mingi sakafu za juu zilibaki wazi huku chini yake, nje, watu wakiuza juani. Mtu anayetoka kazini akiwahi gari hapandi ghorofa ya tatu kutafuta soksi. Ananunua soksi alizozikanyaga karibu kuziharibu. Machinga anajua hilo bila semina, ndiyo maana anafuata miguu ya watu kuliko ramani ya mipango miji.

Si kila soko jijini ni la halmashauri, na hili huwapoteza hata waandishi wa habari. Soko Kuu la Kariakoo, lile jengo lililochorwa na Beda Amuli na kuungua Julai 2021, lina shirika lake, Shirika la Masoko ya Kariakoo, lililoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1974. Mitaa inayolizunguka ndiyo ya Jiji. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama na kapu la ndimu mlangoni, mguu mmoja kwa shirika na mwingine kwa Jiji. Mnada wa ng'ombe wa Pugu nao uko chini ya wizara ya mifugo.

Ukiambiwa uhamie eneo rasmi, nenda ofisi ya kata uulize mambo matatu kabla ya kubeba mzigo: eneo limetengwa kwa uamuzi wa kikao gani, orodha ya majina iko kwa nani, na daladala zinashushia wapi. La tatu watakushangaa ukiliuliza. Uliza tu.