Barua za Jane Austen: kilichochomwa na kilichosalia

Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza aliyefariki Julai 1817 akiwa na umri wa miaka 41, huenda aliandika barua zipatazo 3,000. Hayo ni makadirio ya wataalamu. Leo zimebaki 160 hivi. Nyingi ya zilizopotea hazikuliwa na panya wala hazikulowa mvua: zilichomwa moto na dada yake Cassandra, mtu aliyekuwa karibu naye kuliko wote.

Cassandra ndiye aliyekuwa akiandikiwa zaidi. Hakuna kati yao aliyeolewa, na mmoja aliposafiri kwa ndugu, barua zilifuatana. Miaka michache kabla ya kufariki mwaka 1845, Cassandra alizipitia, akateketeza sehemu kubwa, nyingine akazikata vipande, zilizosalia akawaachia watoto wa kaka zake. Wasomi wengi humlaumu. Mimi simlaumu sana, maana barua zilikuwa zake na zilijaa mambo ya nyumbani: maradhi, bei za vitambaa, umbea wa majirani. Tabu ni kwamba pengo ni gumu kulisoma. Miezi isiyo na barua yaweza kuficha jambo zito, au yaweza kuwa ile ambayo wawili hao walilala chini ya paa moja.

Wakati huo aliyepokea barua ndiye aliyelipia posta, kwa umbali na idadi ya karatasi. Bahasha ingehesabiwa karatasi ya pili, kwa hiyo barua ilikunjwa, ikaandikwa anwani mgongoni na kufungwa kwa lakiri. Nafasi ilipoisha, Austen wakati mwingine aliigeuza karatasi juu chini na kuendelea katikati ya mistari.

Miswada nayo ina kisa chake. Kitabu kikishachapishwa, nakala ya mkono haikuwa na thamani tena, ndiyo maana hatuna mswada kamili wa riwaya yoyote kati ya zile sita zinazosomwa duniani kote. Vilivyopona ni vile visivyofika kwa mchapaji: madaftari matatu ya utotoni, hadithi alizoacha njiani, na sura mbili za mwisho wa riwaya yake *Persuasion* alizozikataa mwaka 1816 akaziandika upya. Tunaujua mkono wake kupitia yale aliyoyatupa!

Katika *The Watsons*, riwaya ambayo hakuimaliza, masahihisho marefu aliyaandika kwenye vipande vya karatasi na kuvibana kwa pini. Mwaka 1915 familia iliuza kurasa za mwanzo za mswada huo kuchangia Msalaba Mwekundu. Sasa ziko Morgan Library, New York. Sehemu iliyobaki ilinunuliwa na maktaba ya Bodleian, Oxford, mwaka 2011 kwa karibu pauni milioni 1. Msomaji anayetaka kuuona wote kwa mkupuo mmoja hutazama picha zake kwenye intaneti.

Karatasi za Austen zilitokana na matambara, nazo hudumu. Zetu za dukani ni dhaifu zaidi. Kama unazo barua za bibi, toa pini na klipu kabla hazijashika kutu, usizibandike selotepu, na tafadhali usizipeleke kupigwa lamino: plastiki ile haitoki tena. Zipige picha, kisha andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni nani alimwandikia nani na lini, angali yupo wa kumuuliza.