Usaili wa mchujo: kwa nini kufaulu si kuitwa

Usaili wa mchujo ni mtihani wa kwanza anaofanya mwombaji wa kazi serikalini baada ya kuitwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Ni wa maandishi, kwa karatasi au kwa kompyuta, na kazi yake ni kupunguza watu. Nafasi zikiwa kumi na waombaji mia kadhaa, kuwahoji wote ana kwa ana haiwezekani. Wenye alama za juu ndio wanaosonga mbele, kwenye vitendo kwa kada kama udereva, kisha mahojiano.

Alama 50 ni kima cha chini tu. Mwenye 62 anaweza kuachwa ikiwa nafasi ni chache na wenzake wamepata 70 kwenda juu. Anayejiandaa ili apite tu, kwa kweli amejiandaa kubaki.

Maswali mengi hutoka kwenye tangazo lenyewe, sehemu ya majukumu, ambayo watu huiruka wakakimbilia sifa na mshahara. Chukua Mtendaji wa Kijiji daraja la III, kada inayotangazwa mara kwa mara na halmashauri kama za Newala au Nachingwea. Tangazo husema atakuwa katibu wa mikutano ya Halmashauri ya Kijiji, atasimamia utungaji wa sheria ndogo, atatatua migogoro, atawajibika kwa Mtendaji wa Kata. Kila jukumu ni swali. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wangapi? Kati ya 15 na 25. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa nani? Wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Sheria ndogo inapita wapi? Halmashauri ya Kijiji huandaa, Mkutano Mkuu hujadili, halmashauri ya wilaya huidhinisha. Shika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Vitini vya "maswali ya usaili" vinavyozunguka kwenye simu vina majibu ya zamani na mengine ya kubuni. Visomwe kwa shaka.

Kwenye swali la kujieleza, msahihishaji anatafuta hatua. Tuseme ng'ombe wameingia kwenye shamba la mikorosho na wakulima wameshika mapanga. Jibu la "nitawaita wote niwapatanishe" halibebi kitu. Jibu lenye alama linaanza na amani: kuwatenganisha, kumjulisha Mtendaji wa Kata, na polisi hali ikizidi. Kisha kuandika malalamiko ya pande zote mbili, kwenda shambani na afisa ugani kutathmini hasara, kupeleka suala kwenye kikao na kuweka muhtasari, na mwisho kurejea mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji ili njia ya mifugo ijulikane. Mpangilio huohuo hufaa hata kwenye mahojiano.

Muda ugawe mapema. Maswali 40 kwa dakika 60 ni dakika moja na nusu kila moja. Swali likikugomea, liache urudi baadaye.

Wapo wanaoanguka kabla hata ya kushika kalamu. Namba ya usaili unainakili mwenyewe kutoka akaunti yako ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi hizi; mlangoni haigawiwi. Vyeti viwe halisi: hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haipokelewi badala ya cheti. Majina yakitofautiana, njoo na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kwa usaili wa mikoani, kituo hufuata makazi uliyojaza, kwa hiyo aliyesoma Dar es Salaam akarudi Masasi bila kubadilisha mkoa ataitwa Dar, na nauli ni juu yake. Mtu wa Liwale anayesailiwa Lindi mjini alale huko, hasa masika.

Aliyefaulu mahojiano akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na nafasi ikitokea anaweza kupangiwa kituo bila kusailiwa upya. Laini ya simu uliyojisajilia usiitupe.