Darasa Linapokwama, Angalieni Watu Kabla ya Saruji

Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20. Mengi yalijengwa kwa mtindo wa fosi akaunti: shule inanunua vifaa, inaingia mkataba na mafundi wa mtaani, na mkuu wa shule anajikuta msimamizi wa mradi huku vipindi vyake darasani vikimsubiri. Mtindo huo unaendelea. Saruji na nondo zina vipimo vyake. Kinachowatoa jasho wakuu wa shule ni kamati, mafundi na wananchi.

Kamati ni tatu: ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Maana yake ni moja tu: aliyenunua asiwe ndiye anayepokea. Kijijini sharti hili huvunjika bila mtu kukusudia wizi. Lori la mchanga linafika saa moja jioni, wajumbe wa mapokezi wako mashambani, mwalimu wa zamu anasaini. Wiki tatu baadaye mchanga umekwisha na lipu haijaanza. Kamati ya ujenzi inainyooshea kidole ya manunuzi, na hakuna mwenye ushahidi. Dawa ni futikamba. Pimeni bodi ya lori kabla mchanga haujamwagwa: urefu mita 3.6, upana 2, kimo cha mchanga 0.8, jumla mita za ujazo 5.76. Dereva aliyeandikiwa tripu ya mita za ujazo 7 hapo hana la kubishana, nanyi hamjamwita mwizi. Na kama mwenye duka la vifaa ni shemeji wa mjumbe wa manunuzi, mjumbe aseme, atoke nje bei zikijadiliwa, na muhtasari uandike hivyo.

Kwa fundi, ugomvi mkubwa ni malipo. Ukimtanguliza fedha nyingi, kesho yuko kwenye kazi ya mtu mwingine. Ukimchelewesha, vibarua wanagoma na yeye hana cha kuwaambia. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: asilimia 25 msingi ukikamilika, 30 boma likifika linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), 20 baada ya kupaua, 15 baada ya lipu na sakafu, 10 kasoro zikisharekebishwa. Kila awamu ilipwe baada ya mhandisi wa halmashauri kukagua, na vibarua wajue siku ya malipo. Fundi mkuu kulipwa kimyakimya ndiko kunakozaa maneno.

Usimuulize fundi kama ameelewa mchoro. Atajibu ndiyo, hasa akiwa mtu mzima na wewe ni kijana. Mwambie, "Mzee, hebu tuvute kamba tuone kona." Kwa darasa la mita 9 kwa 7, kamba zote mbili za kukatisha, kila moja kutoka kona hadi kona ya mkabala, lazima zisome mita 11.40. Zikitofautiana, kosa limeonekana bila mtu kuaibishwa mbele ya vibarua wake. Nondo zikiwa pungufu ni habari nyingine: simamisha zege papo hapo, heshima mtaijadili baadaye.

Kazi ya wote haina mwenyewe, na kumwagilia zege maji kwa angalau siku 7 ndiyo husahaulika kuliko zote. Bandika karatasi stoo yenye jina la mtu kwa kila siku, Jumapili ikiwemo. Uchimbaji wa msingi kwa nguvu za wananchi nao usipangwe wiki za kupanda. Watakaokuja ni wachache, na watanung'unika mpaka mradi uishe.

Kisha kuna kiongozi anayepita na kuagiza varanda iongezwe. Kumkatalia siku hiyo ni vigumu. Kwa hiyo kikao cha kwanza kabisa, diwani na mtendaji wakiwepo, kipitishe kwamba mabadiliko yoyote yanakuja kwa maandishi kupitia mhandisi, yakiwa na gharama na chanzo cha fedha. Siku agizo likija, mkuu wa shule anafungua tu daftari la muhtasari.