Gavana Reeder na Bunge la Kansas, 1855: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Wengi wanaosimulia vurugu za Kansas kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, zilizohusu kama utumwa uruhusiwe huko, huanzia kwenye bunduki. Gavana wa kwanza, Andrew Reeder, hutajwa harakaharaka: alipinga utumwa, akafukuzwa. Maelezo hayo yana kasoro, na anayeyakubali hawezi kuelewa kwa nini waliomfuata katika kiti kile nao walikorofishana na mabunge yao.

Dhana: Aliteuliwa na Rais, kwa hiyo angeweza kulivunja bunge lililomkaidi.

Kansas haikuwa jimbo bado. Ilikuwa eneo chini ya Washington, na sheria iliyoliunda, iliyotiwa saini na Rais Franklin Pierce tarehe 30 Mei 1854, haikumpa gavana uwezo wa kuvunja bunge. Alikuwa na muhula wa miaka minne na mshahara wa dola 2,500 kwa mwaka, na Rais angeweza kumwondoa wakati wowote. Muswada ukimfikia alikuwa na siku tatu, Jumapili haihesabiwi. Akinyamaza, unakuwa sheria. Akiurudisha pamoja na sababu zake, theluthi mbili ya kila baraza zinatosha kumpiku. Baraza la juu lilikuwa na watu 13 na la chini 26, maana yake kura 9 na 18 wote wakiwapo. Dhidi ya bunge la upande mmoja, turufu ya namna hiyo, yaani haki ya kuukataa muswada, huchelewesha tu.

Wala usidhani kila eneo lilikuwa hivyo. Kwa sheria ya 1850, gavana wa Utah asipokubali, muswada umekufa. Gavana wa Oregon, kwa sheria ya 1848, hakuwa na turufu hata kidogo.

Nguvu halisi ya Reeder ilikuwa mwanzoni: kuhesabu watu, kugawa wilaya za uchaguzi, kupanga siku ya kura, na kuchagua mahali na tarehe ya kikao cha kwanza.

Dhana: Alikuwa mpinga utumwa tangu mwanzo.

Hapana. Alikuwa wakili wa Easton, Pennsylvania, mwanachama mtiifu wa chama cha Democratic ambaye hakuwahi kushika wadhifa wa umma, na aliamini wakazi wenyewe ndio waamue suala la utumwa. Kilichombadilisha ni kuona wasio wakazi wakiamua.

Dhana: Aliufumbia macho uchaguzi wa wizi kwa woga.

Sensa ya mwanzoni mwa 1855 ilipata watu 8,601, wenye haki ya kupiga kura wakiwa 2,905. Tarehe 30 Machi, siku ya kuchagua bunge, zilipigwa kura zaidi ya 6,000. Maelfu ya watu wenye silaha walivuka kutoka Missouri, jimbo jirani lenye utumwa, wakawatisha wasimamizi waliodai kiapo cha ukazi, wakapiga kura na kurudi kwao. Kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliyochunguza mwaka uliofuata ilikuta kura halali ni takriban 1,400 tu.

Sheria ilimtaka mpiga kura awe mkazi wa kweli, lakini haikusema awe amekaa muda gani. Wavamizi walijificha kwenye ufa huo: aliyelala usiku mmoja alijiita mkazi. Reeder naye alijiona kama hakimu, asiyeweza kufuta matokeo ambayo hakuna aliyeyalalamikia. Wilaya nyingi zilinyamaza kwa hofu, kwa hiyo alifuta yale tu yaliyoletewa malalamiko rasmi, na kuitisha uchaguzi mwingine tarehe 22 Mei. Kwa maoni yetu hapo ndipo alipokosea zaidi. Alikuwa na takwimu za sensa yake mwenyewe mezani, na vyeti alivyowapa wengine ndivyo walivyovitumia baadaye kudai kwamba gavana mwenyewe amewatambua.

Dhana: Waligombania sheria za utumwa.

Ugomvi ulifikia kilele juu ya mahali pa kukaa. Reeder aliitisha bunge Pawnee, karibu na ngome ya jeshi ya Fort Riley, tarehe 2 Julai 1855. Pawnee ilikuwa zaidi ya kilomita 150 kutoka mpaka wa Missouri, mji wenye jengo la mawe la ghorofa mbili ambalo halijakamilika. Wabunge wengi walilala kwenye mahema na magari ya kukokotwa. Kazi yao ya kwanza ikawa kuwatoa waliochaguliwa Mei na kuwarudisha wa Machi. Kisha wakapitisha muswada wa kuhamia misheni ya Shawnee, hatua chache kutoka Missouri. Reeder akaukataa, wakampiku, na tarehe 6 wakafunga mizigo.

Kikao kilipofunguliwa Shawnee tarehe 16, miswada ya mwanzo iliyomfikia ilihusu kivuko cha Kickapoo na kuzuia pombe karibu na shule ya misheni. Reeder hakuwa na tatizo na kivuko. Hoja yake ilikuwa kwamba bunge lililokaa mahali pasipo halali si bunge, na kwa hoja hiyo alirudisha kila kilichomfikia. Wao walijibu kwamba makao ya serikali ni jambo la kutungiwa sheria kama mengine. Wakaendelea, wakachukua sheria za Missouri karibu neno kwa neno, na kuongeza yao kali: kukana haki ya kumiliki watumwa Kansas kukawa kosa la kifungo kisichopungua miaka miwili.

Dhana: Tuhuma za ardhi zilizomwondoa zilikuwa uzushi mtupu.

Alikuwa na hisa katika viwanja vya Pawnee, mji uleule aliouchagua, na alijaribu kununua ardhi ya watu wa kabila la Kaw. Pierce hakuhitaji kutunga kisa. Alihitaji tu kuchagua kipi cha kutaja. Barua ya kumwondoa ilimfikia katikati ya Agosti. Hoja yake ya mahali, ambayo kisheria haikuwa dhaifu, ilichafuliwa na maslahi yake mwenyewe.

Dhana: Wapinga utumwa waliposhika bunge, magavana walipumua.

Walilishika kwa uchaguzi wa Oktoba 1857. Mwanzoni mwa 1858 bunge hilo lilipitisha muswada wa kuhamishia makao makuu Minneola, mji ambao wabunge kadhaa walikuwa na hisa zake. Gavana James Denver aliukataa, wakampiku, kisha mwanasheria mkuu wa serikali huko Washington akasema uhamisho huo ni batili. Februari 1860 Gavana Samuel Medary alikataa muswada wa kupiga marufuku utumwa; huo nao ulipita juu ya turufu yake, kwa theluthi mbili zilezile zilizompiku Reeder.