Nani hupima mionzi ya simu kabla hujainunua?

"Simu haifiki dukani mpaka serikali iipime." Ulaya si hivyo. Mtengenezaji hupimisha modeli maabara, hutoa tamko lake mwenyewe kwamba imetimiza masharti, kisha huweka alama ya CE, ishara kwamba bidhaa inafuata sheria za Ulaya. Serikali huja nyuma yake: Ufaransa, shirika la masafa ANFR huchukua simu madukani na kuzipima upya. Marekani idhini ya FCC, shirika la mawasiliano, hutangulia mauzo, ila gharama za maabara ni za mtengenezaji. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, haipitishi simu kama inavyopitisha dawa.

"Iliyofaulu mara moja imefaulu daima." iPhone 12 iliingia sokoni 2020. Septemba 2023 ANFR ikasimamisha mauzo yake: ilipobandikwa kwenye mwili, kama inavyokuwa mkononi au mfukoni, SAR yake, yaani kasi ya mwili kufyonza nishati ya mionzi, ilikuwa wati 5.74 kwa kilo. Kikomo cha mikono na miguu ni 4. Kipimo cha kiwiliwili, cha umbali wa milimita 5, hakikuwa na kasoro. Apple walieleza kwamba simu huongeza nguvu kidogo ikihisi imetulia mezani. Maabara, simu hufungwa ikatulia tuli kando ya kiowevu kinachoiga mwili, nayo haina habari kwamba hapo si mezani. Sasisho la programu likamaliza tatizo. Bila simu kuchukuliwa dukani, hilo lisingeonekana kwenye makaratasi.

"Kuvuka kikomo ni kuungua." La. Mwongozo wa 2020 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya wataalamu wa kinga dhidi ya mionzi kama ya simu, huanzia wati 40 kwa kilo kwa mikono na miguu, kiwango ambacho joto linaweza kudhuru, kisha umma hupewa sehemu moja ya kumi. Hata hivyo sheria ni sheria, na kuizuia simu hiyo ilikuwa sawa.

"SAR ndogo, mionzi kidogo." Namba hiyo (simu nyingi huionyesha ukibonyeza *#07#) hupimwa simu ikirusha kwa nguvu zote. Mtandao ukishika vizuri, simu hupunguza nguvu. Ukiwa dhaifu, hupandisha. Tena usilinganishe vikomo vya kichwa na kiwiliwili, 1.6 cha Marekani na 2 cha Ulaya: cha kwanza ni wastani wa gramu 1 ya tishu, cha pili gramu 10.

"Stika ya kuzuia mionzi inasaidia." Ikiziba antena, simu hulazimika kurusha kwa nguvu zaidi. Tumia spika au earphone za waya. Kuisogeza simu sentimita chache tu kutoka mwilini hupunguza sana mionzi inayokufikia.